Ujumbe kwa Mkuu wa Kaya

Mimi ni dobi. Kabla hujaniambia kwamba mashine zimeua kazi yetu, nenda kaulize ile hoteli ya pale kwenye mzunguko nani anawafulia shuka. Mashine wanayo, tena kubwa, imekaa chumba cha chini imefunikwa turubai. Iliwararulia foronya mpya zote kwa mkupuo mmoja, na tangu siku hiyo wakanirudia mimi.

Dobi anajua mambo. Usifikiri anayatafuta, yanamjia yenyewe ndani ya kapu. Kola inakwambia, mfuko unakwambia, na shuka ndiyo usiseme. Najua nani amehama chumba cha mkewe, na najua nani anakojoa kitandani, mtu mzima na cheo chake. Marehemu baba aliponirithisha kazi alinirithisha na masharti yake. Jina la mteja haliandikwi kwenye nguo. Nguo inatiwa uzi kwenye upindo, kwa ndani, kila mteja na rangi yake na mshono wake, na maana yake unaibeba kichwani. Kabla nguo haijatoka mlangoni, uzi unakatwa. Alama ni ya kuifikisha nguo kwa mwenyewe. Ikishafika, kazi yake imekwisha, na dobi anayebaki na alama za watu hana tofauti na mmbea.

Ndiyo maana serikali ilipoleta kitambulisho kipya, kile cha vidole vyote na mboni za macho, chenye namba inayokufuata hospitalini, benki, shuleni kwa mtoto mpaka kwenye laini ya simu, na habari zote hizo zikalazwa mahali pamoja, mimi nilikuwa wa kwanza mtaani kusema sitaki. Sikuwa na hoja za kitabuni. Nilijiuliza tu huo uzi wao utakatwa lini, na hakuna aliyenijibu.

"Una nini cha kuficha wewe?" aliniuliza fundi cherehani wa mlango wa pili. Mtaa mzima unamwita Mkasi, na usidhani ni kwa sababu ya kazi yake. Ni ulimi.

"Sina."

"Basi kajiandikishe."

"Na wewe una nini cha kuficha mpaka unavaa suruali?"

Watu walicheka, Mkasi akacheka kuliko wote, na kuanzia hapo akaniita Bwana Sitaki. Nikipita na ndoo ananiuliza kama maji ya bomba nayataka au nayo yananipeleleza. Sikuchukia. Mkasi akikutania ujue anakupenda. Asiyempenda anamshonea nguo yake kwa wakati na kunyamaza.

Ila nilimdanganya. Cha kuficha nilikuwa nacho, kilikuwa chumba cha nyuma kinapiga pasi.

Dada yangu mdogo aliingia kwangu asubuhi moja, miaka mitatu nyuma, na mfuko mmoja na kidole kilichofungwa kitambaa. Mumewe alikibana na mlango. Nisipokueleza vizuri utadhani ni bahati mbaya. Alimshika mkono, akauweka kwenye fremu, akafunga mlango taratibu huku akimweleza kosa lake, kama mtu anayefundisha mtoto hesabu. Kosa lenyewe ni kwenda kwa jirani bila kuaga. Polisi waliwaambia wakayamalize nyumbani, wakarudi nyumbani, na huko ndiko kidole cha pili nusura kiende. Alipopata upenyo aliondoka. Vyeti vyake vyote, cha kuzaliwa, cha shule, mpaka kitambulisho cha zamani, vilibaki ndani ya sanduku ambalo ufunguo wake mume anatembea nao.

Yule bwana alimtafuta. Alikwenda kwa binamu zetu wote, akanywa chai yao, akawauliza kwa upole. Mimi hakunipata. Nilikuwa nimehamia mji huu baada ya kufiwa na mke wangu, sikumpigia mtu tarumbeta, na jina langu halikuwa limeandikwa popote. Aliyejua niliko ni shangazi peke yake, na shangazi yangu ni kaburi. Kwa hiyo dada akakaa. Akajifunza wanga, akajifunza pasi, na baada ya muda akawa ananikosoa jinsi ninavyokunja shuka. Nilifurahi kukosolewa. Nyumba ilikuwa kimya mno kabla hajaja.

Shida ni kwamba yeye alikitaka kitambulisho.

"Kaka, mimi nimechoka kuishi kama kitu kilichowekwa uvunguni," aliniambia tukiwa tunanyoosha shuka, yeye upande wake, mimi wangu. Alikuwa ameona kibanda kitupu karibu na maofisi. Alitaka akodi, aweke meza mbili za pasi, awe na wateja wake. Mwenye kibanda alitaka namba ya kitambulisho. Benki nao walitaka namba.

"Tutakodi kwa jina langu," nikasema.

"Jina lako lipi? Wewe mwenyewe hujajiandikisha."

"Nitatafuta njia."

"Na nikiugua? Hospitalini utawaambia mimi ni nani?" Akavuta shuka mpaka ikalia. "Wewe unakataa kwa sababu kwako ni msimamo. Watu wanakujua, wateja wanakujua, ukifa watajua wanamzika nani. Mimi sina hata karatasi inayosema nilizaliwa. Nikisema sitaki, nakuwa sijakataa kitu, nakuwa tu sipo."

Nilimwambia anaweza kutafutwa kupitia humo. Akasema aliwauliza watu waliokwisha kuandikishwa, na wakamwambia habari ni siri, mtu baki hawezi kufungua na kusoma. Hilo lilikuwa kweli. Mtu baki hakuweza. Na kusema haki, nilimwelewa. Siku ya kuandikishwa ilipofika nilimpigia pasi mtandio wake wa zambarau kwa mkono wangu mwenyewe, akajitanda, akaondoka mapema kuwahi foleni kwenye ukumbi wa shule.

Jua lilikuwa limekwisha kuwa kali pale Mkasi alipoingia kwangu na simu mkononi. Kulikuwa na wateja wawili wanasubiri mashati.

"Bwana Sitaki, weka pasi chini usikie serikali ilivyo na adabu." Akasafisha koo na kusoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio. "Ndugu Mkuu wa Kaya. Mwanakaya wako," hapo akataja jina la mwanawe wa kwanza, yule aliyekwenda mjini kusomea ualimu, "amesajiliwa leo katika makazi mapya." Ikafuata anwani, mtaa, nyumba, mpaka namba ya mlango. "Ikiwa hukubaliani na taarifa hii, fika ofisi iliyo karibu nawe. Kwa usalama wa familia yako."

"Sasa cha kuchekesha kiko wapi?" akauliza mteja mmoja.

"Huyu kijana ananiambia anakaa bweni. Kila mwezi natuma pesa ya bweni. Nikampigia kumpongeza kwa bweni lenye mlango wake peke yake. Simu akapokea mwanamke. Nikasema mimi ni baba yake. Akasema, 'Shikamoo, baba mkwe.'"

Tulivunjika mbavu. Mteja wa pili alicheka mpaka akajifuta machozi kwa shati ambalo lilikuwa bado si lake. Mkasi alikuwa anaigiza ile sauti ya mwanamke kwa mara nyingine, na mimi nilikuwa bado nacheka, nilipomuuliza kwa nini ujumbe umekuja kwake na si kwa kijana mwenyewe.

"Kwa sababu mimi ndiye mkuu wa kaya. Kwenye kumbukumbu zao za zamani mtoto yuko nyumbani kwangu. Akihama, lazima mkubwa wake ajulishwe. Hiyo ndiyo heshima."

"Na mke je? Mke akihama?"

"Mke naye yuko kwenye kaya ya..." Mkasi akanitazama. Alikuwa anamjua dada, alikuwa anakijua na kile kidole, ingawa hakuwahi kuniuliza habari zake. Simu aliishusha taratibu.

Sikuvua hata aproni. Nilipita katikati ya barabara nikihangaika na kandambili zangu, mtu mzima mbio, watu wananipisha wakidhani nimeibiwa. Njiani nilijipa moyo kwamba foleni zao ni ndefu, watu wanalala na njaa pale, hawezi kuwa amefikiwa.

Nilimkuta nje ya ukumbi, amekaa kwenye ukingo wa ua, karatasi ya risiti mkononi. Alikuwa amemaliza. Aliponiona aliinuka akicheka.

"Kaka, umenifuata? Wamenihudumia vizuri. Wenye mikono mibovu tulipewa foleni yetu. Mashine ilikikataa hiki kidole, binti akanisubiri mpaka kikakubali. Kadi nitakuja kuichukua baada ya wiki chache." Akaikunjua risiti nione. "Jina langu lote limeandikwa, angalia."

Miaka mitatu sikuwa nimeiona sura ile, na mimi ndiye niliyekuja kuifuta. Nilijikaza kisabuni nikamuuliza kama walimtajia mume.

"Alikuwemo tayari. Nilipotoa jina na tarehe ya kuzaliwa, mashine ikaleta ile nyumba. Binti akaniuliza, huyu ndiye mkuu wa kaya yako? Nikamwambia sikai naye tena. Akasema hana pa kuandika hayo, yeye anaweza kuandika tu kwamba nimehama. Kwani nini?"

Nikamweleza. Nilianza na kichekesho cha Mkasi, kwa sababu sikujua pengine pa kuanzia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaikunja risiti, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama kifungo.

Tulirudi ndani. Afisa aliyemwandikisha alikuwa binti mwenye miwani na sweta ya kijivu, na nitamwambia ukweli mtu yeyote atakayeniuliza: hakuwa mtu mbaya. Alitusikiliza akiwa amesimama. Kisha akaifungua ile kumbukumbu.

"Ujumbe umeshatoka," alisema. "Unatoka wenyewe, dakika ile ile ninapohifadhi."

"Basi ifute," nikamwambia.

"Baba, mimi sina mamlaka ya kufuta. Hakuna mtu kwenye ukumbi huu aliye nayo. Naweza kurekebisha tu."

"Rekebisha, basi. Andika amekwenda kwingine."

"Nikirekebisha, utakwenda ujumbe mwingine."

Akamwita mkubwa wake. Yule naye alikuja kwa heshima zote, akatueleza kwamba huduma ile iliwekwa baada ya kufikiriwa sana, kuna watoto wanaotoroshwa, kuna wazee wanaohamishwa kwa ujanja ili warithiwe, na familia ina haki ya kujua watu wake wako wapi. Dada akamwonyesha kidole. Alikiweka tu juu ya meza yake. Bwana yule alikitazama, akatazama pembeni, akasema tuandike malalamiko na yatafanyiwa kazi.

Kutoka mji wa mume mpaka kwetu ni safari ya siku nzima kwa basi. Yaani tulikuwa na mchana ule na usiku mmoja.

Nyumbani dada hakulia. Alipanga nguo zake kwenye mfuko, kisha akarudi kwenye meza akamalizia shuka za hoteli zilizokuwa zimebaki, kwa sababu, alisema, ningezikunja vibaya. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nataja watu. Nikamtaja binamu wa mama.

"Ameandikishwa mwezi uliopita," akasema.

Nikamtaja shangazi.

"Na yeye. Walimfuata nyumbani kwa sababu ya miguu. Kaka, ndugu zetu wote wamo humo, mzizi mmoja. Ukimshika mmoja wanatoka wote. Mimi sasa siwezi kwenda kwa mtu yeyote ninayehusiana naye."

"Utakwenda kwa nani basi?"

Aliweka pasi wima. "Usiniulize."

"Mimi ni kaka yako."

"Ndiyo maana. Kesho atakuja hapa na atakuuliza. Baada ya hapo wataanza kukuuliza hao wa usajili, maana hutaweza kukataa kujiandikisha milele, utahitaji dawa, utahitaji leseni. Watakuuliza una ndugu wangapi na wako wapi. Wewe uongo huujui. Ukidanganya unakuna sikio, tangu ukiwa mtoto." Alicheka kidogo, na hapo ndipo sauti ilipokatika. "Wateja wako hujawahi kuwauliza chochote. Nifanye mimi mteja."

Nilimkatalia. Nilimwambia nitakwenda naye popote, nifunge karakana, tuanze upya. Akaniuliza nani atafulia hoteli, nikasema hoteli na iende zake. Akaniambia watu wawili wanatafutika kirahisi kuliko mmoja, tena mmoja wao akiwa na domo kama langu. Mwishowe aliniomba nikae chumba cha mbele, nimpe mlango kisogo, nisione hata ameelekea upande gani. Nikakaa. Nilisikia kitasa cha mlango wa uani, nikasikia kandambili zake kwenye saruji, halafu magari. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na nne na nilikuwa natazama ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa.

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, shemeji akaingia. Nilichokiona kwanza ni shati. Lilikuwa limepigwa pasi vizuri, na kola imetiwa wanga. Alikuwa amebeba zawadi: sabuni, mche mzima. Mtu anamnunulia dobi sabuni.

"Shemeji, umepotea sana," alisema. "Nimekutafuta miaka. Kumbe ilikuwa ni kusubiri tu, serikali yenyewe iniletee." Akanionyesha simu. Nilisoma namba ya mlango wangu kwenye kiganja chake.

"Ameondoka," nikasema.

"Kwenda wapi?"

"Hakuniambia."

Alitabasamu. "Wewe ni kaka yake, shemeji."

Hapo Mkasi akaingia na kigoda chini ya kwapa na koti la mtu mikononi. Hakusalimia. Alikaa katikati ya mlango wa chumba cha nyuma, akaanza kushona vifungo. "Endeleeni," alisema. "Kwangu taa imekatika." Ilikuwa saa ya jua kali na wote watatu tulijua.

Shemeji alimwomba apite. Mkasi akamwambia akimaliza kifungo. Akamaliza, akaanza kingine. Mwishowe yule bwana alimruka miguu, akaingia nyuma, nikamsikia akifungua kabati. Kisha nikachungulia nikamwona ameweka kiganja juu ya pasi ya dada, anaipapasa kama ina joto. Alirudi mbele hana hasira hata chembe. Ingekuwa heri angekuwa nayo.

"Haidhuru," aliniambia akijipangusa magoti. "Popote atakapojiandikisha, akitaka nyumba, akitaka dawa, nitaambiwa. Wao wenyewe wamesema ni haki yangu." Akanipa mkono. Sikuupokea. Sabuni aliiacha, na Mkasi aliichukua akaitupa kwenye mtaro, akarudi kushona. Siku hiyo hakunitania.

Tangu hapo nimekuwa msumbufu kwa kazi. Nimekwenda ofisi ya usajili, nimekwenda kwa mwakilishi wetu, nimeandikiwa barua na mwalimu mmoja mteja wangu na kuipeleka mwenyewe. Kwenye mkutano wa mtaa alikuja ofisa kutuhimiza tuliobaki, akasema anayeogopa kuhesabiwa ana lake jambo. Nilisimama nikasema ninalo kweli, na nikaeleza bila kutaja jina. Sikuongea vizuri. Kisha akasimama Mkasi. Akawasimulia kile kisa cha mwanawe na baba mkwe, na watu wakacheka kama tulivyocheka sisi. Akawaacha wamalize.

"Mimi nilicheka kuliko ninyi," akasema. "Ujumbe ule ule, maneno yale yale, asubuhi ile ile, ulikwenda kwa mwanaume mwingine. Wamebadilisha jina tu." Akakaa. Hakusema zaidi, na kwa Mkasi hiyo ni ajabu.

Ofisa aliandika kitu kwenye daftari lake akasema suala litaangaliwa. Wiki iliyofuata wanawake kadhaa wa mtaa huu hawakwenda kwenye foleni. Nisikudanganye kwamba walikuwa wengi. Wengine waliokwisha kuandikishwa walikuja kwangu kuniuliza wafanyeje, na sikuwa na la kuwaambia. Meneja wa hoteli alinipa muda nilete namba ya kitambulisho kama wagavi wengine wote. Muda ukaisha. Akaniambia anasikitika, na naamini anasikitika, maana turubai wamelivua na ile mashine imeanza tena kula foronya.

Juzi mchana yule binti wa miwani akaja karakana. Sikumtambua bila sweta. Alisimama pembeni mpaka mteja akatoka, ndipo akatoa kadi kwenye mkoba akaiweka juu ya meza.

"Imekaa sana bila mwenyewe," alisema. "Kadi isipochukuliwa, mfumo unatuma ukumbusho kwa mkuu wa kaya. Nimeandika kwamba amekuja kuichukua." Alikuwa anaongea haraka, kama mtu anayetaka kumaliza kabla hajaogopa. "Siruhusiwi kufanya hivyo, baba. Ila nimefanya."

Nilimshukuru. Nilimaanisha.

"Utamfikishia?"

"Sijui aliko."

Aliitikia kwa kichwa taratibu. "Naelewa. Huwezi kuniambia mimi. Unafanya vizuri."

"Mwanangu, sikufichi. Sijui. Alikataa kuniambia ili siku nikiulizwa nisiwe na cha kusema. Sijui yuko mji gani. Sijui kama amepata mahali pa kulala, sijui kama ni mzima." Sikuwa nimeyasema hayo kwa mtu, hata kwa Mkasi, na nilipoyasikia yakitoka kinywani mwangu nilishika ukingo wa meza.

Binti alivua miwani akaipangusa kwa muda mrefu. Kisha akaaga.

Nilibaki na kadi. Picha imetoka vizuri. Mtandio umekaa sawasawa na midomo imebana, lakini macho yanaonyesha kabisa alivyofurahi asubuhi ile. Jina lake lote limeandikwa, na chini yake mahali anapoishi: mji huu, mtaa huu, nyumba hii, mlango wangu. Leo hii mtu yeyote mwenye mashine yao akiuliza dada yangu yuko wapi, atajibiwa papo hapo, bila kusita, kwamba yuko kwa kaka yake. Niliinuka nikaenda chumba cha nyuma, na akili zangu timamu, nikamwita kwa jina. Nikasubiri kidogo, halafu nikamwita tena.